Vilindo Vitupu: Ugogo Kati ya Majeshi Mawili

Vitabu vingi vya Vita Kuu ya Kwanza huupa mji wa Dodoma mstari mmoja tu. Tarehe 29 Julai 1916 askari wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali Jaap van Deventer, waliuteka na kuikata reli ya kati. Baada ya hapo wasimulizi hupanda farasi wao wakamfuata kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, kusini, kana kwamba hapa hapakuwa na watu wa kuulizwa habari.

Mimi hukwama kwenye mwezi huo. Julai, hapa Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, uwele na mtama umeshakatwa, umeshapurwa, umeingia kwenye vilindo vya kuhifadhia nafaka. Mvua ya nchi hii huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na hata mwaka mzuri haizidi sana milimita 600. Baada ya hapo ni ukame mtupu hadi mwaka unapogeuka. Kilichomo kwenye kilindo mwezi Julai ndicho chakula, ndiyo mbegu na ndiyo pombe ya kuitia watu shambani siku ya kulima. Jeshi likifika Februari litakuta mabua mabichi. Likifika Julai linakuta mwaka mzima wa watu umehifadhiwa chini ya paa la tembe, tayari kubebwa.

Na mwaka huo hayakuwa majeshi ya kufika tu. Kulikuwa na moja linaloondoka na moja linaloingia, na lililoondoka ndilo lililoanza kuvimaliza vilindo.

Shida yenyewe ilianzia kaskazini. Aprili 19, 1916, wapanda farasi wa van Deventer waliiteka Kondoa-Irangi, wakanaswa huko. Masika yalikuwa makali, njia ya kurudi Moshi ikageuka tope, farasi wakafa kwa mamia, na Makaburu wakawa hawana la kula ila kile cha Warangi. Lettow-Vorbeck akaona nafasi. Alizileta kombania zake kwa reli hadi Dodoma, akazipandisha Kondoa, kilometa 150 na ushei kwa miguu, na usiku wa kuamkia Mei 10 akashambulia. Alishindwa, lakini hakuondoka mara moja. Kwa zaidi ya miezi miwili majeshi mawili yalikaa yakitazamana juu ya vilima vya Irangi, na kila upande ulikuwa na maelfu ya vinywa. Upande wa Wadachi, yaani Wajerumani, ulilishwa kutoka Dodoma: nafaka ya Wagogo, ng'ombe wa Wagogo, na migongo ya Wagogo ya kuibeba hiyo nafaka. Gari la moshi liliishia kituoni, na toka hapo kwenda mbele gari lilikuwa ni mtu.

Van Deventer alipotoka Kondoa mwishoni mwa Julai, Wadachi wakaanza kurudi nyuma. Anayerudi nyuma vitani hamwachii adui kitu kama ana uwezo wa kukichukua au kukiharibu. Madaraja ya reli yalilipuliwa. Mifugo ilisombwa kuelekea mashariki na kusini pamoja na vijana waliokamatwa kuwa wapagazi. Pale palipolipwa kitu, kililipwa kwa karatasi. Tangu meli za Waingereza zifunge pwani, serikali ya Wajerumani ilikuwa ikichapa noti zake za rupia humu humu nchini, kwanza Dar es Salaam, kisha Tabora, kwa karatasi ya namna yoyote iliyopatikana. Noti hizo zilikuwa na thamani mradi bunduki ya aliyezichapa iko karibu. Jeshi lilipoondoka, thamani iliondoka nalo, na mfugaji akabaki na karatasi mahali palipokuwa na fahali.

Lazima nieleze hapa kwa nini ng'ombe alikuwa zaidi ya nyama. Ugogo ni nchi ya njaa za mara kwa mara, na wenyeji waliijua nchi yao kuliko afisa yeyote. Kinga yao ilikuwa kutawanya: ng'ombe wengine nyumbani, wengine kwa mashemeji, wengine kwa rafiki wa mbali, ili mvua ikikosa upande huu pawe na wa kuchinjwa au wa kubadilishana nafaka upande ule. Mwaka mbaya watu walikwenda kuhemea Ukaguru, Uhehe au Urangi, na walikwenda na mfugo mkononi. Ng'ombe ndiye aliyekuwa ghala la pili, nyuma ya kilindo. Mwaka 1916 maghala yote mawili yalifunguliwa kwa wakati mmoja, na majirani wa kuhemewa nao walikuwa wamepitiwa na majeshi yale yale.

Waingereza walipokelewaje? Wapo waliofurahi, na walikuwa na haki. Walimu wa Kigogo wa misheni ya Kianglikana ya CMS walikuwa wameshikwa na Wadachi kwa kushukiwa ujasusi, wakafungwa minyororo, na waliopelekwa Tabora walifunguliwa mji huo ulipoanguka Septemba 1916. Lakini furaha ya kijijini ilikuwa fupi. Jeshi jipya nalo lilihitaji unga, nyama na mabega. Vita vilihamia kusini, kwenye mabonde ya homa ambako farasi na malori hayakudumu, na kwa hiyo mwaka 1917 ulikuwa mwaka wa kukamata wapagazi kuliko yote iliyotangulia. Wabelgiji, washirika wa Waingereza, nao wakapita, maana walirudishwa kwa reli hadi Dodoma na Kilosa ili waende kuiteka Mahenge, walikoingia Oktoba 9. Wanaume waliopaswa kuwa shambani na jembe Desemba na Januari walikuwa Rufiji au njiani kwenda huko. Eneo lililolimwa lilipungua kabla mbingu haijasema lolote.

Kisha mbingu ikasema. Mvua zilikosa, na njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya ilishika kuanzia 1917 hadi 1920. Watu walikula mizizi, majani ya porini na ngozi walizokuwa wakizilalia. Kuna waliowaweka watoto wao, hasa wasichana, kwa watu wenye chakula, kama rehani ya vibaba vya nafaka. Wengine walihamia kandokando ya reli, palipokuwa na nafaka ya serikali na kazi za kibarua, na wengine walikwenda mpaka mashamba ya mkonge ya mashariki. Mwishoni mwa 1918 ikaja ile homa ya mafua iliyoizunguka dunia, ikawakuta miili haina akiba. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba walikufa watu 30,000 kati ya Wagogo 150,000. Mmoja kwa kila watano.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema bado, kwamba ulikuwa ukame tu. Hoja hiyo inawafaa wenye majeshi. Ukame Ugogo haukuwa mgeni, ulikuwa umeshapiga hodi mara nyingi kabla ya 1916, na watu walikuwa wameshajifunza kuupokea. Jambo jipya ni kwamba safari hii uliwakuta wameshanyang'anywa kila kitu cha kuupokea nacho.

Wakati watu wanachimba mizizi, kulikuwa na mjadala mkubwa kuhusu majeshi kuondoka, ila haukufanyika Dodoma. Mwingereza Horace Byatt alianza Januari 1917 kusimamia utawala wa kiraia, lakini mamlaka yake kwanza yalikuwa kaskazini, na reli ya kati ikawa kama mpaka: kusini yake jeshi liliendelea kuamuru hadi 1919. Dodoma ilikaa juu ya mstari huo. Wabelgiji walikuwa Tabora, na Waingereza walitaka waondoke. Wakaiachia Tabora mapema 1917, lakini Kigoma na Ujiji waliendelea kuzishikilia, kwa sababu ardhi iliyokaliwa na askari ni karata ya kuchezea mezani. Karata ilichezwa Mei 1919 kati ya Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji: Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi, na Kigoma ikarudishwa mwaka 1921. Ugogo nao, kama sehemu nyingine yote ya Tanganyika, ukakabidhiwa Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, kwa hati iliyothibitishwa Julai 1922. Hati hiyo ilikataza kujenga ngome na kuunda majeshi ya wenyeji isipokuwa kwa polisi na ulinzi wa nchi. Ni kifungu kizuri. Kilifika miaka sita baada ya Julai ile.

Katika mabishano hayo yote, kipimo kilikuwa mipaka, reli na bandari. Swali la kijijini, kwamba jeshi likiondoka linaacha nini nyuma, halikuwa na kiti.

Tanzania yenyewe ililikuta swali hilo baadaye, safari hii ikiwa upande wa wenye bunduki. Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin, askari wetu walibaki Uganda. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa Monrovia, Julai mwaka huo, Sudan na Nigeria ziliilaumu Tanzania waziwazi. Nyumbani watu walihesabu gharama: mwaka huo huo Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda haikulegea kwa miaka mingi. Makao makuu mapya yaliyoamuliwa mwaka 1973 kuhamia Dodoma yalijengwa kwa mwendo wa kobe. Kwa hesabu ya hazina, kuondoka upesi kulikuwa busara. Lakini huko West Nile, eneo la nyumbani kwa Amin, kuondoka kulikuwa na hesabu nyingine. Watanzania walipotoka mwaka 1981, raia waliodhaniwa kuwa watu wa Amin walibaki mikononi mwa jeshi jipya la Uganda, UNLA, na Juni mwaka huo yakatokea mauaji ya raia huko Ombaci. Sioni kwamba hili linahalalisha kukaa milele katika nchi ya mtu. Linaonyesha tu kwamba tarehe ya kuondoka ni jambo la kupangwa na watakaobaki, si na wanaopakia malori peke yao.

Bili ya 1916 haijawahi kulipwa. Baada ya vita ilibainika kuwa mishahara ya wapagazi wengi sana waliokufa katika huduma ya Waingereza haikuwahi kuchukuliwa, kwa sababu majina yaliandikwa ovyo, vijiji havikuandikwa kabisa, na jamaa hawakujua wadai kwa nani. Serikali za Tanganyika na Kenya ziliitaka London itoe fedha hizo, kama haiwezekani kwa familia basi kwa manufaa ya watu wao. Barua zilikwenda na kurudi hadi miaka ya 1930, na jibu la London likawa hapana.