Tuliosomeshwa na Waliokopeshwa

Katika mkutano wetu wa mwaka jana, baada ya chakula cha mchana pale bwaloni, yalizuka mazungumzo juu ya mikopo ya elimu ya juu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema sana. Nilisimama nikasema kwamba vijana wa siku hizi wanapenda kukopa lakini hawapendi kulipa, na kwamba sisi wa zamani tulisoma kwa nidhamu, tukalitumikia taifa, tukamaliza bila kudaiwa na mtu. Wazee wenzangu walinipigia makofi.

Kijana mmoja, aliyemaliza kidato cha sita miaka 30 baada yangu, hakupiga. Jioni alinifuata chini ya mwembe wa bweni la tatu. "Shikamoo mzee," akaniamkia kwa adabu, kisha akafungua simu yake na kunionyesha hati ya mshahara ya mwaka 2017 aliyokuwa ameihifadhi. Akaniuliza swali moja tu: "Mzee, wewe ulilipa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa toleo hili, niliona afadhali niitumie nafasi hii kumjibu, na wakati huo huo kuwaeleza wadogo zetu walioko shuleni safari hii ya gharama za chuo ilikoanzia.

Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa sheria, na hawakufika 15. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikasimama peke yake kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nchi ilikuwa maskini na wasomi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Serikali ilihitaji madaktari, wahandisi, walimu na mabwana shamba, na haikuweza kungoja baba wa mtoto auze ng'ombe ndipo mtoto asome. Kwa hiyo iliamua kubeba mzigo wenyewe. Aliyechaguliwa alilipiwa masomo, chakula, malazi na vitabu, na akapewa waranti ya kusafiria kwenda chuoni na kurudi kwao.

Lakini hakuna aliyeambiwa kwamba anapewa bure. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao wengi wetu tuliukariri darasani. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akila kisha asirudi, amewasaliti wenzake. Tazameni vizuri mfano huo, ndugu zangu: hilo ni deni, ingawa haliandikwi katika daftari la mtu yeyote.

Deni hilo lilidaiwa mapema. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kilichowaudhi zaidi ni kwamba wahitimu wangelitumikia taifa kwa miezi 18 wakipata asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata, lakini somo lilikwisha eleweka: aliyesomeshwa na wakulima hana haki ya kujiona bwana mkubwa.

Mwezi Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Kuanzia hapo kijana hakutoka kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo. Ilimpasa apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya kazini kwake na ya tawi la Chama. Mimi nilipita njia hiyo. Nilimaliza hapa mwaka 1978, nikaingia kambini, nikakimbia mchakamchaka na kulima mahindi kwa jembe la mkono, nikafanya kazi ya ukarani katika shirika la umma, na mwaka 1981 nikaingia Mlimani. Nilifika na sanduku la bati na waranti mfukoni. Nyumbani hawakutoa hata senti moja ya karo, maana hawakuwa nayo.

Hiyo ndiyo hali niliyojivunia mbele ya mkutano. Nilichosahau kusema ni kwamba tulikuwa wachache mno. Katika darasa letu la kidato cha sita wapo waliokuwa hodari kunishinda, na hawakupata nafasi. Bajeti iliyotusomesha bure isingeweza kuwabeba wote. Mkulima wa kahawa na mkulima wa pamba waliwalipia watoto wa wenzao kuliko walivyowalipia watoto wao wenyewe.

Hata hesabu hiyo ya wachache haikudumu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, tulikuwa tumetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mazao yetu yalinunuliwa kwa bei hafifu nje. Waliokuwa Mlimani miaka ile wanakumbuka foleni za sabuni na sukari. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Serikali ikaanza kupunguza matumizi yake. Karo za sekondari zilikwisha rudishwa katikati ya miaka hiyo ya 1980. Chuo nacho kikawa na misukosuko. Mei 1990 kilifungwa kufuatia mgomo wa wanafunzi, na hakikufunguliwa mpaka Januari 1991.

Mwaka 1992 ukaanza rasmi utaratibu wa kuchangia gharama. Uliingizwa kwa awamu: kwanza nauli na ada ndogo ndogo, baadaye chakula na malazi, kisha masomo yenyewe. Kwa kuwa wazazi wengi hawakuweza, mwaka 1994 Serikali ikaanza kuwakopesha wanafunzi. Wengi waliopokea fedha zile hawakuona kwamba ni mkopo. Waliziita bumu, wakazila, wakasahau. Miaka kumi ilipita bila chombo maalum cha kudai.

Chombo hicho kiliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi Julai 2005, ikapewa jukumu la kukopesha wapya na pia kuwadai wote waliokopeshwa tangu Julai 1994. Majirani zetu wa Kenya walitutangulia katika jambo hili: walianza kukopesha wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1974, na wakaunda bodi yao mwaka 1995.

Sasa nirudi kwenye hati ya yule kijana. Alipoanza kazi alikatwa asilimia 8 ya mshahara, na ndivyo alivyoelewa aliposaini mkataba. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa, makato yakawa si chini ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Juu ya hayo ilikuwapo tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa.

Tufanye hesabu kama tulivyofundishwa katika vyumba hivi. Chukueni mtu mwenye deni la shilingi 10,000,000 na mshahara wa msingi wa shilingi 500,000. Asilimia 15 ya mshahara huo ni shilingi 75,000 kwa mwezi. Asilimia 6 ya deni ni shilingi 600,000 kwa mwaka, yaani shilingi 50,000 kwa mwezi. Basi katika kila shilingi 75,000 anazokatwa mwanzoni, shilingi 50,000 zinafuta tozo tu, na deni lenyewe linapungua kwa shilingi 25,000. Kwa makato ya zamani ya asilimia 8 angekatwa shilingi 40,000, na deni lingeendelea kukua huku analipa kila mwezi! Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini matanga haya yalikuwa hayana arobaini.

Kijana wetu hakuwa mkaidi. Alikuwa akilipa, na kila alipotazama salio aliliona halisogei. Na huyo ni aliyebahatika kupata ajira.

Malalamiko hayo yalisikika. Siku ya Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa ile tozo ya asilimia 6, na mwaka huo huo adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Tangu hapo anayelipa anaona deni likishuka. Fungu la mikopo nalo limekua, na katika mwaka 2023/24 lilipita shilingi bilioni 700. Kutoka wale wanafunzi wasiofika 15 wa mtaa wa Lumumba, hiyo si hatua ndogo.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza swali, jibu langu ni hili. Sikulipa hata shilingi moja kwa jina la deni. Nilikatwa jasho kambini, nikafanya kazi ya umma kwa mshahara mdogo mpaka nikastaafu, lakini hayo nawe unayafanya, na deni unalipa juu yake. Sikuwa na nidhamu kuliko wewe. Nilizaliwa wakati ambapo Serikali ilimbeba mmoja na kuwaacha tisa, nami nikawa yule mmoja. Maneno niliyosema bwaloni nayafuta mbele ya wote walioyasikia.

Hata hivyo, sitakudanganya kwamba deni si deni. Dawa ya deni ni kulipa, na shilingi inayorudi Bodi ndiyo inayomkopesha mdogo wako. Ninachosema ni kwamba sisi tuliosomeshwa bure hatujamaliza kulipa letu. Lile la mfano wa kijiji chenye njaa bado liko palepale.

Wapi pa kuanzia? Mwalimu wa taaluma ameniambia kwamba siku hizi, ambapo ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu mwaka 2022, kikwazo cha vijana wetu wengi kipo baada ya mtihani. Ombi la mkopo lina ada ya shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na aliyefiwa na mzazi lazima ahakikishe na cheti cha kifo. Fomu hutaka saini za mdhamini na za viongozi wa serikali ya mtaa. Kwa sisi haya ni mambo madogo. Kwa mtoto anayeishi na bibi yake kijijini, shilingi 30,000 na nauli mbili za kwenda wilayani zinaweza kuwa mwisho wa safari.

Napendekeza kwamba katika mkutano wa mwaka huu tuanzishe mfuko mdogo wa kazi hiyo moja tu: kuwalipia ada ya ombi na gharama za vyeti wahitimu wa kidato cha sita ambao mwalimu mkuu atathibitisha kwamba hawana uwezo. Napendekeza pia kwamba tuliosoma kabla ya mwaka 1992 tutangulie kuchanga, maana bumu letu halikuwa na marejesho.

Nanyi wadogo zetu, anzeni sasa kutafuta vyeti vyenu, msingoje matokeo. Someni mkataba mzima kabla ya kusaini, muulize kila neno msilolielewa, na mhifadhi nakala. Mkishapata kazi, anzeni kulipa mapema.

Yule kijana amekubali kuwa mweka hazina wa mfuko huo endapo mkutano utauridhia. Mchango wa kwanza nimekwisha mkabidhi, naye ameniandikia stakabadhi.