PRESHA YA MACHO: TONE LILILOANZIA KWENYE KIAPO CHA SUMU

Wazee wetu wa huku kusini wanaujua mwavi. Hata wale ambao hawakuuona kwa macho yao walisimuliwa. Mtu akituhumiwa uchawi alinyweshwa maji ya gome la mti wenye sumu. Akitapika, hana hatia. Akifa, basi kesi imekwisha. Wayao walikuwa nao, na watu wa pande zote za Ziwa Nyasa waliuogopa. Sasa nikikwambia kwamba dawa ya kwanza ya matone kwa ajili ya presha ya macho, yaani glakoma, ilitoka kwenye kiapo cha namna hiyohiyo, utasema mwandishi huyu amekosa habari za kuandika. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mti wenyewe si mwavi wa kwetu. Ni mmea mwingine kabisa, wa Afrika Magharibi. Huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo, Waefiki walikuwa na mmea utambaao unaozaa maharage makubwa ya rangi ya kahawia iliyokoza. Waliyaita esere. Mtuhumiwa alisagiwa maharage hayo akanyweshwa. Wanaopenda kueleza mambo kisayansi husema asiye na hatia alikunywa kwa mkupuo bila woga, tumbo likashtuka akatapika, ilhali mwenye hatia alisitasita na kunywa kidogo kidogo, sumu ikapata muda wa kuingia mwilini. Maelezo mazuri, ila mimi nawafikiria wale wasio na hatia ambao walikuwa waoga tu kwa asili yao!

Wamisionari wa Uskoti walifika Calabar mwaka 1846, na haikuchukua muda maharage hayo yakafika Edinburgh. Mwaka 1855 profesa mmoja wa huko, Robert Christison, aliamua kuyajaribu kwa kuyala mwenyewe. Alikula kipande tu. Mwili ukalegea, moyo ukaanza kwenda ovyo. Alinusurika kwa kunywa yale maji ya sabuni aliyokuwa ananyolea ndevu, ili atapike. Mwanafunzi wake, Thomas Fraser, akaendelea na uchunguzi, na kufikia mwaka 1862 alikuwa ameshaona kwamba sumu hiyo huifanya mboni ya jicho isinyae. (Fraser huyuhuyo baadaye alichunguza kombe, sumu ya mishale kutoka pande za mto Shire, ambayo John Kirk wa msafara wa Livingstone aliiona huko. Inaonekana sumu za Waafrika zilimpa kazi ya maisha yake yote.) Fraser alimweleza rafiki yake Argyll Robertson, daktari wa macho, naye mwaka 1863 akajidondoshea maji ya maharage hayo jichoni mwake mwenyewe. Mboni ikasinyaa ikabaki nukta. Mwaka uliofuata, 1864, wakemia wa Kijerumani Jobst na Hesse wakafanikiwa kuitenga sumu yenyewe, ikaitwa fisostigmini. Wafaransa wakaiita eserini, kutokana na lile neno la Waefiki.

Hapa inabidi tusimame kidogo tuueleze ugonjwa. Ndani ya jicho kuna maji, na hayo si machozi. Yanatengenezwa nyuma ya ile sehemu yenye rangi, yanapita kwenye mboni, halafu yanatoka kupitia kijichujio kilichoko pembeni, mbele ya jicho. Njia ya kutokea ikiziba au ikiwa nzito, presha inapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unaanza kufa taratibu. Kwa watu wengi presha huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, ingawa wapo wanaoharibikiwa hata wakiwa ndani ya kipimo hicho. Uoni unaanza kuliwa pembeni. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu, hakuna maumivu wala wekundu. Na kilichopotea hakirudi. Hapo ndipo wengi wanapoichanganya na mtoto wa jicho. Mzee wa mtoto wa jicho anafanyiwa upasuaji, bandeji inatolewa, anaona wajukuu zake. Mzee wa glakoma akitibiwa vizuri sana, anabaki na kile alichokuja nacho.

Kabla ya matone tiba ilikuwa kisu. Albrecht von Graefe wa Berlin alieleza mwaka 1857 jinsi ya kukata kipande cha ile sehemu yenye rangi ili kushusha presha. Ndipo mwaka 1876 Ludwig Laqueur, daktari wa macho mjini Strasbourg, akatangaza kwamba eserini inashusha presha kwa wagonjwa wa glakoma. Mboni ikisinyaa, njia ya maji inavutwa ikafunguka. Laqueur hakuwa anazungumza habari za watu wengine tu. Yeye mwenyewe alikuwa na glakoma, na aliitumia dawa hiyo kabla ya kufanyiwa upasuaji. Mwaka huohuo wa 1876, mmisionari Mary Slessor alipanda meli kwenda Calabar, ambako miaka ya baadaye alipambana na kiapo kilekile cha esere. Kwa hiyo wakati mmoja maharage yaleyale yalikuwa yanaua watu pwani ya Afrika na kuokoa macho ya watu Ulaya.

Mara baada ya hapo ikaja pilokapini, iliyotengwa mwaka 1875 kutoka majani ya jaborandi ya Brazili. Dawa hizi mbili ndizo zilizotawala kwa karibu miaka 100. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mgonjwa wa pilokapini. Umefika hospitali huna maumivu, unaona vizuri tu. Unapewa tone la kutia mara 4 kwa siku. Ukilitia, kichwa kinagonga, dunia inakuwa na giza kama jioni, maandishi yanacheza. Ukiacha, unajisikia mzima! Nani kati yetu angeendelea? Mwavi, pamoja na ukatili wake wote, ulitoa hukumu siku ileile. Tone la glakoma halitoi jibu lolote leo wala mwezi ujao. Jibu linakuja baada ya miaka, na likija ni upofu.

Wataalamu walilijua tatizo hilo, na sehemu kubwa ya historia ya matone tangu hapo ni jitihada za kupunguza usumbufu. Mwaka 1978 Marekani iliidhinisha timololi, dawa ya ukoo wa zile za moyo alizozianzisha James Black. Haisinyazi mboni. Inapunguza maji yanayotengenezwa, na inatiwa mara 2 kwa siku. Lakini nayo ina meno yake: tone linateremka kupitia kitundu cha machozi hadi puani na kuingia kwenye damu, hivyo mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole anaweza kupata matatizo makubwa. Ukiwa na pumu, mwambie daktari kabla hajaandika.

Mwaka 1996 ikaidhinishwa latanoprosti, inayotiwa mara moja tu, usiku. Msingi wake uliwekwa na László Bitó, Mhungaria aliyekimbia nchi yake baada ya mapinduzi ya 1956 kuzimwa. Wenzake waliamini kemikali za aina ile zinapandisha presha ya jicho. Yeye akaonyesha kwamba kwa kiasi kidogo zinaishusha. Baadaye aliandika riwaya, na alifariki mwaka 2021.

Je, sisi Tanzania tupo wapi katika habari hii? Tupo, tena katikati. Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Kongwa, Dodoma (Kongwa ileile ya mpango wa karanga wa Waingereza). Watu 3,268 wa miaka 40 na kuendelea, katika vijiji 6, walipimwa macho. Asilimia 4.16 walikuwa na glakoma. Yaani kwa kila watu wazima 100 wa umri huo, kama wanne hivi. Wajaze wanne hao katika kila kijiji cha Namtumbo, Mbinga na Songea Vijijini, halafu fikiria umbali wa kufika kwa daktari wa macho.

Utafiti uliofuata ndio uliozigusa chupa zenyewe. Hospitali ya KCMC ya Moshi, kati ya 2015 na 2017, iliandikisha wagonjwa 201. Nusu walipewa timololi, nusu walipigwa mionzi ya leza kwenye kile kijichujio cha maji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, na timololi asilimia 31. Timololi ni dawa nzuri, ila inamtaka mtu aikumbuke mara 730 kwa mwaka. Leza haimtaki akumbuke chochote zaidi ya siku ya kurudi kupimwa. Uingereza nako, mwaka 2022, mwongozo wao ulibadilishwa ili wagonjwa wengi wapya wa aina hii waanze na leza.

Mashine ya leza, hata hivyo, haiko kila hospitali, na chupa ipo duka la dawa. Kwa hiyo kwa mzee wa Peramiho bado ni tone. Atie moja tu, maana jicho halibebi zaidi, la pili linatiririka shavuni. Kisha afumbe jicho na kubana kona ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie puani. Chupa ya mililita 5, kwa macho mawili, asubuhi na jioni, inaweza kumfikisha karibu mwezi. Akidondosha mawili mawili inaisha katika wiki mbili, halafu anakaa bila dawa mpaka auze mahindi.