Zeus kwenye Hadithi, Lwembe kwenye Mila

Hadithi mbili za moto zimefika Rungwe, nchi ya Wanyakyusa, na kila moja imeingia kwa mlango wake. Ya kwanza ni ya Prometheus, aliyewaibia miungu wa Ugiriki moto akawapa binadamu. Kijana wa Tukuyu anayekimudu Kiingereza anaweza kuwakuta miungu hao katika riwaya za Percy Jackson, alizoanza kuzitoa Rick Riordan mwaka 2005, au katika vitabu vya katuni vya George O'Connor, ambaye kati ya 2010 na 2022 aliwachora wakazi wa Olympus katika juzuu 12. Ya pili ni ya kwao. Inasema kwamba wenyeji wa kale walikuwa wakila vibichi, mpaka waliposhuka mashujaa kutoka milima ya Ukinga wakiwa na moto na ng'ombe. Katika masimulizi hayo wamo ndugu wawili: Lwembe, aliyekaa Lubaga katika nchi ya Selya na kutambikiwa huko, na Kyungu, ambaye kiti chake kiko Ungonde, ng'ambo ya mto Songwe. Hadithi ya kwanza huitwa hadithi bila mtu kusita. Ya pili huitwa mila, na akiiongelea mtu mkali wa dini, huitwa ushirikina. Ninavyoona mimi, tofauti hiyo haimo ndani ya hadithi zenyewe. Inatokana na nani aliziandika, lini, na kwa ajili ya msomaji gani.

Tuanze na walioandika mapema. Mwaka 1891 Wamoravian, akiwemo Theodor Meyer, walijenga kituo chao chini ya mlima Rungwe, na mwaka huohuo Wamisheni wa Berlin waliingia nchi hii wakiongozwa na Alexander Merensky. Hawa hawakuja kutafuta visa vya kuwasimulia watoto. Walitaka kujua ni nani anayeombwa mvua, ili wamweke Mungu wao mahali pake. Kyala, ambaye baadaye mwanaanthropolojia Monica Wilson alielezwa kuwa hapo kale alikuwa shujaa miongoni mwa mashujaa, mwenye mahali pake pa tambiko kando ya Ziwa Nyasa, jina lake likachukuliwa kuwa la Mungu wa Biblia. Mbasi, aliyekuwa na sauti ya kutisha na wafuasi wake, akasukumwa upande wa Shetani. Ukishagawa mashujaa namna hiyo, mmoja madhabahuni na mwingine motoni, hakuna anayebaki wa kuchezea hadithi.

Sasa tumtazame kasisi mwingine wa karne hiyohiyo. Charles Kingsley, padri wa Kianglikana, aliwaandikia wanawe kitabu kilichotoka mwaka 1856 juu ya Perseus, Theseus na mabaharia wa Argo. Hakuhofu hata kidogo kwamba wanawe wangeamka kesho yake wakamchinjia Athena mbuzi. Mahekalu ya Wagiriki yalikuwa yamekufa zaidi ya miaka 1,000 kabla yake, na wasomi wa Kikristo walikuwa wamezoea kumsoma Ovid kama mshairi tu. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili tangu enzi za misheni, kikaitwa Mashujaa: Hadithi za Kiyunani. Yaani mwanafunzi Mwafrika aliweza kumsoma Theseus kwa baraka za kanisa, katika zama zilezile ambazo kumtaja Mbasi kwa furaha kungemletea maswali.

Wa pili kuandika walikuwa wanaanthropolojia. Godfrey Wilson alifika mwaka 1934, mkewe Monica mwaka uliofuata, na utafiti wao ukaendelea hadi 1938. Mengi waliyoyapata yalipitia kwa karani wao, Leonard Mwaisumo, kijana aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka ule ule wa 1938. Godfrey naye alifariki mwaka 1944, na ni Monica aliyetoa vitabu, kikiwemo kile kinene cha 1959 juu ya matambiko ya jumuiya. Sina dharau na kazi hiyo. Bila yake tungekuwa maskini zaidi. Lakini swali lake ni la taaluma: tambiko hili linafanya kazi gani katika jamii? Kwa hiyo kisa hukatwakatwa, kipande kikaenda kwenye sura ya mvua, kingine kwenye sura ya mazishi. Mojawapo ya vipande hivyo ni ubusoka, sherehe ya kuwasimika watawala vijana. Mioto yote ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, na kila nyumba ikauchukua kutoka hapo. Mwandishi wa riwaya angeanzia kwenye giza hilo, nchi nzima haina kaa hata moja. Au chukua kifo cha Lwembe: alipougua sana, makuhani walimziba pumzi kabla hajafa mwenyewe, wakamtoa kucha na nywele angali hai na kuzifukia kwenye tope la mto, ili rutuba ya nchi isiondoke naye. Ovid hana kisa kinachokishinda hicho kwa kutisha.

Pwani mambo yalikwenda vingine. Edward Steere alipotoa mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili mwaka 1870, Liongo aliingia humo kama shujaa wa hadithi, na tangu hapo amebaki mali ya wasomaji. Majini na watu waliogeuzwa manyani wakapata makao katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert mwaka 1952. Shuleni nako, tafsiri ya riwaya ya Kiingereza, Mashimo ya Mfalme Sulemani, ilitoka mwaka 1929, miaka michache tu kabla ya Mwaisumo kuanza kuandika habari za Lubaga. Mwandishi wake, Mzungu aliyejitungia Afrika ya maajabu, alisomwa kwa Kiswahili, na maajabu yaliyokuwa yakisimuliwa na wazee wa Selya yakaenda London kwa Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba Zeus ni mfu, ilhali Lwembe ana watu wake, na huwezi kuchora katuni ya kitu ambacho mwenzako anakitambikia. Pingamizi hili ni zito, na kwa sehemu nalikubali: msitu wa tambiko una wenyewe, nao wana haki ya kusema hiki kisichorwe. Ila hoja ya siri imechelewa. Habari za kucha na tope zimo kwenye maktaba za vyuo vikuu tangu 1959, kwa Kiingereza. Anayefichwa ni msomaji wa Kiswahili.

Wengine watasema kisa cha moto kilikuwa siasa: wanyafyale, yaani watawala wa Kinyakyusa, walikitumia kuhalalisha ubwana wao juu ya waliowakuta. Ni kweli, na Simon Charsley, katika kitabu chake cha 1969 juu ya watawala hao, anatufundisha tusiyameze masimulizi ya utawala bila kuyatafuna. Lakini Athens nayo ilimtumia Theseus kujitukuza, na ukoo wa Julius Caesar ulijidai kutoka kwa mungu wa kike Venus. Hadithi huachiwa huru pale madai yake ya kisiasa yanapokufa, na Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Kwa kipimo hicho moto wa wanyafyale umekuwa huru kwa zaidi ya miaka 60.

Wala tusidhani kwamba Rungwe imeacha kutunga. Kwenye ziwa la Masoko mgeni hataondoka bila kuambiwa kwamba Wajerumani walitupa mali zao majini vitani, na Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira bado lina wasimulizi wake. Maandishi ndiyo yaliyobaki nyuma. Mwaka 1993 kazi ya Theodor Meyer ilichapishwa Mbeya kwa Kiswahili, takriban karne moja baada ya yeye kuanza kuwasikiliza wazee. Waliyoyasema yakarudi nyumbani yakiwa na jina Wa-Konde: Maisha, Mila na Desturi za Wanyakyusa.