Vijiti Viwili Mkononi mwa Nabii

Leo nataka kuwaeleza habari za unabii mmoja wa kale, kisha niulete mpaka katika vilima vya Tarime na mbuga za Serengeti. Kwani watu wa huko wana haki ya kuuliza swali gumu juu yake.

Alipokufa Mfalme Sulemani, yapata mwaka 930 kabla ya Kristo, kabila kumi za Israeli zilimkataa mwanawe Rehoboamu kwa ajili ya uzito wa kazi za shokoa. Zikamtawaza Yeroboamu, na ndugu wakawa adui. Mwaka 722 Waashuri waliuteka mji wa Samaria, na mwaka 586 Wababeli wakauteketeza Yerusalemu. Ndipo nabii Ezekieli, aliyekuwa uhamishoni Babeli, alipoagizwa kutwaa vijiti viwili. Kimoja akiandike jina la Yuda, cha pili jina la Yusufu, kisha avishike pamoja viwe kimoja mkononi mwake. Maana yake, kabila zote zitakuwa taifa moja, chini ya mfalme mmoja aliyewekwa na Mungu, wa ukoo wa Daudi. Wakristo huamini kwamba mfalme huyo ni Yesu. Wayahudi wengi wangali wakimngoja.

Basi swali ni hili. Wakuria hapo kale hawakuwa na mfalme. Wanyabasi, Wairege, Wanchari na wengineo, kila watu walikuwa na nchi yao na baraza lao la wazee, yaani inchama. Wangoreme na Waikoma wa Serengeti nao hawakuwa na mfalme. Wajerumani, kisha Waingereza, wakawawekea watu hao watawala ili watoze kodi na kutoa watu wa kazi. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, nao haukuwa umekomesha wizi wa ng'ombe. Mtu wa huko akiambiwa habari za mfalme mmoja, je, hatakumbuka kodi na shokoa, kama zile kabila kumi?

Jibu limo katika unabii wenyewe. Mfalme yule anaitwa pia mchungaji, na mfugaji wa Mara amjua mchungaji ni nani: ndiye anyeshewaye na mvua pamoja na kundi. Tena majina ya kabila hayakufutwa. Yaliandikwa juu ya vijiti.

Mwaka 1934 wamisionari wa Kanisa la Mennonite walifika Shirati, katika nchi ya Wajaluo, na baadaye wakajenga Nyabasi, kwa Wakuria. Walileta desturi ya waumini kuoshana miguu, kwa mfano wa Yesu. Mwaka 1942 uamsho uliotoka Ruanda ulifika Shirati, na watu, weusi kwa weupe, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo.

Ugomvi haukuisha, hata baada ya mwaka 2000 koo za Tarime zilipigana. Lakini amri ya bwana mkubwa yaweza kumkalisha mtu barazani pamoja na adui yake. Haiwezi kumfanya ainame amwoshe miguu. Mfalme aliyeinama kwanza ndiye awezaye kuvishika vijiti viwili visianguke.