Mgombea binafsi: Bunge na Mahakama zilivyovutana

Katika uchaguzi wa 1960, chama cha TANU kilizoa viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kilichobaki, cha Mbulu, alikitwaa Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama bila tiketi ya chama chake. Mwaka 1965 ukaja mfumo wa chama kimoja na mlango huo ukafungwa. Hata vyama vingi viliporudi mwaka 1992 haukufunguliwa, kwani Katiba ilimtaka mgombea apitie chama.

Mchungaji Christopher Mtikila hakukubali. Mwaka 1993 alifungua kesi katika Mahakama Kuu, Dodoma. Kabla Jaji Kahwa Lugakingira hajasoma hukumu, Serikali ilikwisha kupeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba. Tarehe 24 Oktoba 1994 jaji akatamka kuwa raia ana haki ya kugombea bila chama. Wiki chache baadaye Bunge likapitisha muswada huo, Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, uliorudisha sharti la chama, na ushindi wa Mtikila ukabaki kwenye makaratasi.

Bunge lina mamlaka ya kubadili Katiba, hilo halina ubishi. Lakini kuyatumia kuzima hukumu ya kesi inayoendelea ni kumpokonya mwamuzi filimbi mpira ukiwa uwanjani. Mihimili iliwekwa ichungane, na siku ile mmoja ulikataa kuchungwa.

Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema jambo hili ni la siasa, likaamuliwe na Bunge. Ni kweli kutunga sheria si kazi ya majaji. Hata hivyo, mtu aliyelilalamikia Bunge alirudishwa kwa Bunge lilelile.

Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kuwa Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika, ikaiagiza irekebishe Katiba na sheria zake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, agizo likiwa bado halijatekelezwa. Novemba 2019 Serikali ikajiondoa kwenye tamko lililowaruhusu raia kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Wabunge wanaweza kulimaliza jambo hili kwa muswada mmoja. Waulizeni wa kwenu wanangoja nini.