Kumwandikia Mwanagenzi Mwongozo wa Kuweka Linux

Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani, zikiwemo za madrasa na maduka yetu, haziwezi kupokea Windows 11, kwa hivyo baadhi ya wenyewe wanazihamishia Ubuntu au Debian, mifumo ya Linux isiyolipiwa. Kinachowakwamisha wanagenzi ni maelezo ambayo mjuzi amemwandikia mjuzi mwenzake.

Niliwahi kumwandikia jamaa yangu maneno mawili tu: "chagua diski." Kompyuta yake ilikuwa na diski mbili. Akachagua ile yenye picha za harusi ya bintiye, zikafutika zote. Maji yakimwagika hayazoleki, na kosa lilikuwa langu.

Ukiandika mwongozo, fuata mpango huu:

1. Anza na nakala. Mwambie ahifadhi faili zake kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote.

2. Taja kitufe chenyewe. Ili kuwasha kompyuta kwa flashi, Dell na Lenovo nyingi hutumia F12, na HP nyingi F9.

3. Ajaribu kabla ya kuweka. Ubuntu huweza kufanya kazi kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo apime Wi-Fi, sauti na kipanya.

4. Mpe njia ya pili ya intaneti. Baadhi ya kadi za Wi-Fi huhitaji programu ndogo ya ziada ili zifanye kazi. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, huja na nyingi kati ya hizo. Wi-Fi ikigoma, aunganishe simu kwa waya wa USB na kuwasha huduma ya kugawa intaneti.

5. Diski itambulike kwa ukubwa. Majina kama sda na sdb hayamwambii kitu. Andika: "Angalia ile ya GB 500, ile ya GB 16 ni flashi yako." Zikilingana, asimame aulize.

6. Kabla ya hatua isiyorudi nyuma, weka onyo. Onyo likija baada ya hatua, halina faida.

Ukimaliza, mpe mtu asiyejua, ukae kando kimya. Pale atakapoinua kichwa kukutazama, ndipo pa kuandika upya.