Ukwezi wa Skii, Wala Si "Upandaji kwa Kuteleza"

Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026 ndiyo ya kwanza kuupa nafasi mchezo wa kukwea milima yenye theluji kwa skii, na uwanja wake ukawekwa Bormio, Italia. Kwa Kiswahili mchezo huo umeanza kuzungushwa kwa jina la "upandaji milima kwa kuteleza". Jina hilo linajipinga lenyewe, kwani anayeteleza hapandi. Kwa Mswahili kuteleza ni ajali. Wahenga walilazimika kufafanua kwamba kuteleza si kuanguka. Vikao vya istilahi havikosi chai wala posho, lakini katika kilicholitoa jina hili inaelekea alikosekana mtu wa kuuliza anayeteleza anapandaje.

Jina limekosea pia kwa hesabu ya jasho. Katika mbio fupi, zinazochukua dakika tatu hivi, mwanamichezo hupanda na skii miguuni, huzivua na kuzibeba mgongoni akipanda ngazi kwa miguu, huzivaa tena, kisha ndipo hushuka. Patrouille des Glaciers, mbio za jeshi la Uswisi zilizoanza 1943, hutoka Zermatt hadi Verbier, na njiani kuna miinuko ya jumla ya zaidi ya mita 4,000. Mteremko ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa.

Neno linalofaa limo pwani siku zote: ukwezi.

Kukwea ni kitenzi cha ukoo mkubwa. Wachewa husema kukwera, Washona kukwira, Wazulu khwela. Kiswahili, kama ilivyo desturi yake, kimeidondosha konsonanti ya katikati. Kupanda, kwa upande wake, kumelemewa: mtu hupanda basi, hupanda mbegu, hupanda cheo. Kukwea kumebaki na mikono na miguu yake. Mkwezi hupanda mnazi akiwa na zana zake, huangua, kisha hushuka mwenyewe, na hakuna anayemwita mkwezi yule aliyebaki juu. Kupanda na kushuka vimo ndani ya kazi moja, kama vilivyo katika mchezo huu.

Pendekezo la ukwezi lilipofika mbele ya wakubwa fulani, lilijibiwa kwamba mkwezi ni wa minazi tu. Jibu la ajabu, kutoka kwa watu wanaosafiri na rubani bila kumtaka awe na chombo cha baharini, na wanaomshangilia nahodha wa timu ya soka asiyewahi kushika usukani wa jahazi!

Skii yenyewe ibaki ilivyo. Asili yake ni skíð ya Kinorwe cha kale, yaani kipande cha mti uliopasuliwa, ndugu wa Scheit la Wajerumani, ambalo hadi leo ni ukuni. Wapo wanaotaka "mbao-telezi". Wakiachiwa, watatufikisha kwenye kuni.

Ngozi nazo zimezua ubishi usio na sababu. Ni utepe unaobandikwa chini ya skii wakati wa kukwea. Manyoya yake hulalia nyuma, hivyo skii hupita ikisukumwa mbele na hushika theluji ikitaka kurudi. Wafaransa wangali wanauita ngozi ya sili, ingawa siku hizi hufumwa kwa nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora. Kama Mfaransa haoni haya kumtaja sili asiyekuwepo, Mswahili ana haki ya kusema ngozi na kuendelea na safari. "Kitambaa-kizuiarudinyuma", kilichopendekezwa na mpinzani mmoja mwenye shahada nyingi, hakitamkiki hata na aliyekaa kitini, sembuse anayehema kwenye mita 3,000.

Matumizi, kwa haraka: mkwezi wa skii, wakwezi wa skii, anakwea kwa skii, anabandua ngozi, anateremka. Kuteleza kutumike pale tu anapopata ajali.